Shangazi, mama anazidi kukonda na kaka anasema sukari ni nzuri

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimechoka, unisamehe nikirukaruka. Mama yangu ana miaka 74. Kisukari na presha anavyo muda mrefu, na magoti yanamsumbua, lakini mpaka mwaka jana alikuwa mtu wa kujifulia, kujipikia na kugombana na kila anayeingia jikoni kwake. Miezi saba iliyopita kaka yangu mkubwa aliona hatuangalii chakula cha mama ipasavyo. Akaandika orodha, akaibandika kwenye mlango wa jokofu. Nyama hapana, sababu ya magoti. Mayai hapana, yana lehemu (kolesteroli). Maziwa hapana, yana mafuta. Matunda hapana, yana sukari. Maharage na jamii yake yote hapana, eti yanaleta gauti. Chumvi ya kawaida ikatupwa, ikaletwa chumvi maalumu ya wenye presha. Kilichobaki ni mboga za majani za kuchemsha, uji mwepesi na kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa. Juzi mama aliitazama sahani akaniuliza, "Sasa mmeniachia nini, maji?"

Ametoka kilo 68, sasa ana 61. Magauni yanamning'inia. Akitaka kuinuka kitini lazima ashike meza. Kuna asubuhi anaamka kama mtu aliyechanganyikiwa, nguo zimelowa jasho, ananiita jina la dada yake. Wiki iliyopita alianguka bafuni. Ashukuriwe Mungu hakuvunjika. Nyayo anasema zinachoma na kufa ganzi. Maji anayakwepa kwa sababu usiku yatamwamsha kwenda kukojoa.

Nikilalamika, kaka ananifungulia daftari la vipimo: asubuhi 4.2, kesho yake 3.7, halafu 4.0. Anasema sukari haijawahi kuwa nzuri hivi tangu mama aanze kliniki, na kwamba kukonda ni kawaida ya uzee. Majirani nao wanasema hivyo hivyo. Dawa zake ni metfomini, glibenklamidi, losartani na kidonge cha kukojoza. Ipo na omeprazoli ya kiungulia, hiyo ananunua mwenyewe tu, miaka sasa.

Shangazi, ni uzee kweli? Na nimlishe nini nisimdhuru? Juzi nilimpa yai kwa siri nikajiona mwizi.

Binti wa Jikoni

*

Marahaba mwanangu,

Mengine yatasubiri, la sukari halisubiri. Hizo namba zinazomfurahisha kaka yako zinanitia hofu mimi. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, sukari iliyo chini ya 4 imeshuka kupita kiasi (kama kipimo chenu ni kile kinachosoma kwa mamia, mpaka wake ni 70). Hiyo 3.7 ni sukari iliyoshuka. Jasho la usiku, kuamka amechanganyikiwa na kukuita jina la mtu mwingine vinaendana na ubongo uliokosa sukari usingizini. Kwa wazee dalili zinaweza zisiwe zile za vijana za kutetemeka na njaa kali. Mzee anaweza kupoteza mwelekeo tu, au kuyumba, na watu wakasema ameanza kusahau.

Angalia jinsi ilivyotokea. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari chini ya kiwango. Glibenklamidi ni habari nyingine: inalisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na nguvu yake inakaa mwilini saa nyingi, hasa figo zikiwa zimepungua kasi. Madaktari wa wazee wa Marekani wameiweka kwenye orodha yao ya dawa za kuepukwa kwa watu wa miaka 65 na zaidi, kwa sababu hii hii. Sasa dozi ya mama ilipangwa akiwa na kilo 68 na sahani iliyojaa. Chakula kimepunguzwa hadi uji na majani, mwili umepungua kilo saba, vidonge vimebaki vile vile. Nyumba yenu ilibadilisha upande mmoja wa mzani, ikasahau kwamba kuna upande wa pili.

Kwa hiyo leo, kabla ya dozi inayofuata, piga simu kliniki au mpeleke. Wasomee namba za daftari, waambie kuhusu jasho la usiku, kuanguka na kilo saba. Uliza waziwazi: glibenklamidi iendelee, ipunguzwe au ibadilishwe? Usimpangie dozi mwenyewe, na kaka yako naye asipange. Wakati mnasubiri, wekeni sukari karibu na kitanda. Kipimo kikisoma chini ya 4 na mama yuko macho na anameza vizuri, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula chenye wanga, mkate kwa mfano, na mwangalieni kwa saa kadhaa, maana kwa dawa hii sukari inaweza kushuka tena. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Huyo ni wa hospitali mara moja.

Ungeniuliza sukari ya asubuhi ya mama wa miaka 74 mwenye magonjwa zaidi ya moja na anayeanguka iwe ngapi, ningekuambia kliniki nyingi zitaridhika ikiwa kati ya 5 na 8 hivi. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, wanachokiita HbA1c, kwa mtu wa hali hiyo mara nyingi kinalengwa chini ya asilimia 8, si 6. Sukari ya juu kidogo inaharibu polepole, kwa miaka. Iliyoshuka inaweza kumvunja nyonga usiku wa leo.

Swali lako la kwanza sasa: ni uzee? Hapana. Kupoteza asilimia 5 ya uzito bila kukusudia, ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, kunatosha kumfanya daktari aanze kutafuta sababu. Mama amepoteza zaidi ya asilimia 10. Orodha ya mlangoni inaeleza sehemu kubwa, nadhani, lakini sitaki uishie hapo. Kukonda kwa mzee kunaweza kutokana na kifua kikuu, tezi ya shingo, saratani, meno yanayouma, dawa zinazoua hamu ya kula, au huzuni. Daktari ayaangalie hayo yote, hata kama wewe na mimi tumeshampata mshukiwa wetu.

Uzee unafanya nini hasa? Unakula misuli. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu mwili huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kitaalamu upungufu huo ukizidi unaitwa sakopenia. Mtu anaweza kuishi nao kwa amani mpaka siku anaposhindwa kuinuka kitini bila kushika meza. Ndipo mama alipofika. Katika zile kilo saba hakuondoka na mafuta peke yake. Mzee anayepungua kwa njaa anapoteza na misuli, na baadaye akinenepa tena mafuta hurudi kwa urahisi, misuli kwa shida. Hii ndiyo sababu simpendekezei mtu wa umri wake mlo wa kujinyima hata kama ana kitambi, sembuse asiye nacho.

Misuli inajengwa na protini, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanalikosea: mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana mwenye uzito ule ule, kwa kuwa misuli yake imekuwa mizito kuitikia. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa wazee, wataalamu wa lishe wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2. Kwa kilo 61 hiyo ni gramu 61 hadi 73. Kwa orodha ya kaka yako sidhani mama anafika hata nusu.

Namba zisikutishe, zipeleke jikoni. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa kina 8. Kikombe cha maharage au dengu zilizopikwa kina karibu 15. Kipande cha samaki, kuku au nyama chenye ukubwa wa kiganja bila vidole kina 20 au zaidi. Basi mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi, kunde na mtindi mchana, samaki jioni, umeshafika zaidi ya 60. Na zigawanye hivyo kwenye milo mitatu. Nyama nyingi usiku mmoja baada ya kutwa nzima ya uji haifanyi kazi ile ile.

Kuna sharti moja. Mtu mwenye kisukari na presha kwa miaka anapaswa kupimwa figo kila mwaka kwa hali yoyote, kwa damu na kwa mkojo. Ukiwa kliniki uliza matokeo ya mwisho, na kama hayapo apimwe. Figo zikiwa zimechoka sana, kiasi cha protini kitapangwa na daktari au mtaalamu wa lishe, si na mimi. Zikiwa sawa, au zimepungua kidogo tu, yai lako halikuwa wizi.

Tuipitie orodha yenyewe, na nitakuwa mwepesi pale panapostahili. Mayai: kwa watu wengi yai moja kwa siku haliisumbui lehemu ya damu kama walivyodhani wazee wetu, mafuta magumu na vyakula vya kukaangwa vinaisumbua zaidi. Hayo mawili ya asubuhi mpe siku kadhaa za wiki, siku nyingine weka samaki au kunde mahali pake. Maziwa: kama mafuta ndiyo hofu, yapo yaliyopunguzwa mafuta, na tumbo likikataa maziwa matamu mtindi mara nyingi unapokelewa. Mifupa ya mama inayahitaji kwa ajili ya kalsiamu. Matunda: tunda zima, na nyuzinyuzi zake, moja mara mbili au tatu kwa siku, linakubalika kwenye kisukari. Juisi hapana, hapo namuunga mkono kaka, ila ibaki kama dawa ya sukari iliyoshuka. Maharage na gauti: magoti yanayouma kwa umri mara nyingi ni kulika kwa gegedu, ile kinga laini ya ncha za mifupa, ugonjwa tofauti kabisa na gauti, na kama hakuna daktari aliyesema mama ana gauti, basi hana gauti ya kwenye mlango wa jokofu. Hata wenye nayo hawanyimwi kunde. Mkate wa ngano isiyokobolewa ubaki, ni chaguo zuri.

Chumvi inastahili kusimama kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kwa siku nzima ukijumlisha na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya makopo. Kupunguza ni sawa. Kumwondolea yote mzee anayetumia kidonge cha kukojoza si sawa. Dawa hizo humwaga chumvi kwenye mkojo, na chumvi ya damu ikishuka mno inaleta udhaifu, kuchanganyikiwa na kuanguka. Tena ulimi na pua vinapoteza makali na umri, chakula kisicho na ladha kinarudi jikoni. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na viungo vitakusaidia kuliko kumlazimisha.

Ile chumvi maalumu, isome pakiti. Nyingi zinatengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Mama anatumia losartani, dawa inayoufanya mwili uzuie potasiamu. Viwili hivi vikikutana, hasa kwa figo dhaifu, potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Ukikuta neno potasiamu, iweke kando mpaka damu ipimwe. Afadhali chumvi ya kawaida kidogo tu.

Kuhusu nyayo zinazochoma, kila mtu hapo nyumbani atakuambia ni kisukari, na huenda ni kweli. Lakini metfomini ikitumika miaka mingi inapunguza vitamini B12 mwilini. Omeprazoli inaipunguza pia, kwa kuwa tindikali ya tumbo ndiyo inayoitoa vitamini hiyo kwenye chakula. Umri wenyewe unapunguza tindikali. Juu ya hayo matatu, orodha imefuta nyama, samaki, mayai na maziwa, navyo ndivyo vyanzo vyake vya asili. Kwenye majani huipati. Upungufu wa B12 huleta ganzi, kuyumba, upungufu wa damu na kusahau, na ukicheleweshwa mishipa ya fahamu inaweza isirudi. Ombeni kipimo. Tiba yake ni rahisi, sindano au vidonge. Na omeprazoli aitaje mbele ya daktari, maana dawa ya kununua mwenyewe haiandikwi kwenye kadi, na daktari hawezi kuhesabu asichokijua.

Maji. Kiu hupungua na umri, kwa hiyo kusubiri aombe ni kosa. Kwa mwanamke mzee vinywaji vya jumla ya lita 1.6 kwa siku ni kadirio zuri, vikiwamo chai, maziwa na supu, isipokuwa kama moyo au figo zimewekewa mpaka na daktari. Anywe sehemu kubwa kabla ya saa kumi jioni, jioni apunguze, na muulize daktari kama kidonge cha kukojoza kinaweza kumezwa asubuhi. Usiku utatulia. Choo kigumu nacho kitalegea, ingawa hukukitaja. Ni watu wachache wanaokitaja.

Kuanguka bafuni kunaweza kuwa sukari, misuli, au presha. Presha hushuka mtu akikonda na akipunguza chumvi, na vidonge vyake navyo ni vya enzi ya kilo 68. Waombe wampime akiwa amelala au amekaa, halafu akiwa amesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda kuna dawa ya kupunguzwa. Mpaka hapo aamke kwa hatua: akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo asimame. Bafuni wekeni kishikio na mkeka usioteleza.

Chakula bila kazi hakirudishi misuli. Mwaka 1990, mjini Boston, watafiti waliwapa wazee wa miaka 86 hadi 96, wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki nane nguvu za mapaja ya waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Utafiti uliofuata wa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kinywaji cha lishe peke yake, bila mazoezi, hakikuwaongezea nguvu. Mama hahitaji vyuma. Sukari ikishatulia, kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kinatosha: ainuke na kukaa mara tano, apumzike, arudie, wewe ukiwa pembeni. Mwanzoni ashike meza. Afanye siku tatu kwa wiki, na magoti yakiuma inua kiti kwa mto.

Hamu ya kula haitarudi kwa siku moja. Tumbo la mzee hujaa haraka, basi mpe milo midogo, na vitu viwili vidogo katikati. Uji uupike kwa maziwa, uvunjie yai au tia karanga zilizosagwa, ujazo ule ule lakini kilichomo kimezidi. Kama ana meno ya bandia, angalia kama bado yanakaa; kinywa nacho hukonda. Na ale na watu. Mama aliyekuwa anagombana jikoni sasa analetewa sahani kama mfungwa. Mrudishie kisu na kitunguu, achambue mboga akiwa amekaa, akosoe mapishi yako.

Kuhusu kaka yako, usimvizie kwa mayai ya siri. Orodha ile ameiandika kwa mapenzi na kwa woga wa kumpoteza mama, na baadhi yake ni sahihi. Mwombe akuendeshe kliniki, abebe daftari lake mwenyewe, awe yeye anayesoma namba mbele ya daktari. Neno likitoka kwa mtu mwenye koti jeupe atalimeza bila kuona ameshindwa na mdogo wake. Mama naye awepo, aulizwe anataka kula nini. Ana miaka 74, si minne.

Mpime uzito kila baada ya wiki mbili, mzani ule ule, asubuhi, kabla ya chai. Ukiona umeshuka chini ya 61 hata baada ya kurudishiwa chakula, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mrudishe.

Shangazi